Wasomaji Wanauliza: Je, Simu Inaweza Kutibu Sonona?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: programu za simu, roboti za mazungumzo na vifaa vingine vya kidijitali vinavyodaiwa kutibu maradhi ya akili. Tumechagua tano. Majibu yanahusu yale ambayo tafiti zimeonyesha na namna ya kuyatumia hapa Dar es Salaam. Hayachukui nafasi ya daktari anayekuona ana kwa ana.

*Shikamooni. Nina sonona tangu mwaka jana. Tabibu wa kituo cha afya aliniambia nianze ushauri nasaha, lakini foleni ni ndefu na nauli ya kila wiki sina. Rafiki yangu amenionyesha programu ya simu ambayo ni ya bure. Zinatibu kweli hizi, au ni biashara tu? Dada wa Sinza.*

Marahaba, mdogo wetu. Zinasaidia, ila kwa kiasi kidogo kuliko matangazo yanavyosema, na msaada wenyewe unategemea sana kama yuko mtu anayekufuatilia.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024 ulikusanya majaribio 176 ya programu za simu kwa sonona na wasiwasi. Nafuu ilionekana, tena ni ya kweli, lakini ni ndogo. Ukimchukua mtu mmoja aliyepewa programu na mwingine ambaye hakupewa, aliyepewa ndiye atakayekuwa na hali bora katika mara 58 hivi kati ya 100. Kama programu isingefanya lolote, zingekuwa mara 50.

Sababu kubwa ya udogo huo ni kwamba watu hawaendelei nazo. Utafiti wa mwaka 2019 uliochunguza programu 93 maarufu za afya ya akili ulikuta kwamba kati ya watu 100 waliozipakua, siku ya 30 walikuwa wamebaki kama 3 tu wanaozifungua. Nchini Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 2015 lenye wagonjwa 691 wa sonona liliongeza programu mbili za kompyuta juu ya huduma ya kawaida ya daktari. Baada ya miezi minne hakukuwa na tofauti ya maana kati yao na waliopata huduma ya kawaida peke yake. Programu mojawapo ilikuwa na vipindi 8, na nusu ya waliopewa hawakuvuka kipindi cha pili. Masomo yenyewe yalikuwa mazuri. Yalikosa wa kumuuliza mgonjwa, "Umefikia wapi?"

Ndiyo maana tunasisitiza ufuatiliaji. Mwaka 2021 watafiti waliunganisha takwimu za majaribio 39 ya tiba ya kubadili fikra na tabia inayotolewa kwa intaneti. Kwa wenye sonona nyepesi, kuwa na msaidizi au kutokuwa naye hakukuleta tofauti kubwa. Kwa wenye sonona ya kati na kali, waliokuwa na msaidizi walipona vizuri zaidi. Programu ya Shirika la Afya Duniani iliyojaribiwa Lebanon kwa wenyeji na kwa Wasiria waliokimbia vita ilipangwa hivyohivyo: vipindi vitano kwenye simu, na msaidizi asiye mtaalamu ila aliyefunzwa, anayewasiliana na mtumiaji kwa muda usiozidi dakika 15 kwa wiki. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2022 yalikuwa mazuri.

Kwa hiyo fanya hivi. Rudi kwa tabibu wako uulize alama zako za dodoso la PHQ-9. Lina maswali tisa kuhusu dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Ukiwa chini ya 10, jaribu programu bila hofu. Ukiwa kati ya 10 na 14, itumie, lakini kwanza mpate mtu wa kukupigia kila wiki. Ukiwa na 15 au zaidi, programu isiwe tiba yako kuu: komaa na foleni, na kama umeandikiwa dawa usiziache kwa sababu programu imekupa moyo.

Mtu wa kukupigia si lazima awe mtaalamu. Anaweza kuwa muuguzi, kiongozi wa kikundi chenu au binamu mwenye subira. Atakuuliza mambo matatu: umefanya somo gani wiki hii, umekwama wapi, na wiki ijayo utafanya kitendo gani kimoja, siku gani na saa ngapi. Asikuhubirie. Baada ya wiki nne jibu tena dodoso. Alama zikishuka kwa 5 au zaidi, unapata nafuu ya maana. Zisiposhuka, rudi kituoni na karatasi yako mkononi.

Suala la bando pia tusilipuuze. Chagua programu inayokuruhusu kupakua masomo ya sauti mara moja, ukayasikiliza bila intaneti. Zile za video huachwa katikati ya mwezi, kifurushi kinapoisha.

*Habari zenu. Mimi ni dereva wa bodaboda. Usingizi umenipotea miezi mitano sasa. Naingia kitandani saa 4 usiku, naamka saa 12 asubuhi, lakini nikijumlisha nalala kama saa tano na nusu. Nimepakua programu ya usingizi, imeniambia nipunguze muda wa kulala! Na juzi imenipigia kengele saa 12 na nusu asubuhi kuniambia nikalale. Imeharibika? Kaka wa Mbagala.*

Kaka, haijaharibika, lakini kuna makosa mawili hapa, na moja ni la hatari kwa kazi yako.

Tuanze na kengele. Wewe umeandika saa kwa hesabu yetu: kulala 4:00, kuamka 12:00. Programu inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo imesoma saa 10 alfajiri hadi saa 6 mchana. Jumla imebaki saa nane zilezile, na ndiyo sababu haikukulalamikia. Ikakata muda wako hadi saa tano na nusu kwa kurudi nyuma kutoka 12:00, ikapata 6:30, nayo kwake ni asubuhi. Nenda kwenye mipangilio, weka mfumo wa saa 24, kisha uandike upya: kulala 22:00, kuamka 06:00. Rekodi za siku zilizopita zifute, maana zitapotosha hesabu.

Sasa hilo la kupunguza muda wa kulala. Linashangaza, lakini ndilo lenye nguvu kuliko yote katika tiba ya kukosa usingizi. Unakaa kitandani saa nane, unalala tano na nusu. Ufanisi wako ni 5.5 gawanya kwa 8, yaani asilimia 69 hivi. Zile saa mbili na nusu za kugaagaa zinaufundisha mwili kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Programu inabana muda ulingane na usingizi ulio nao, ili usingizi ushikane. Wewe ungeingia kitandani saa 6 na nusu usiku na kuamka saa 12 asubuhi, kila siku, hata Jumapili. Kila wiki unapiga hesabu upya: ufanisi ukifika asilimia 90 unaongeza dakika 15, ukiwa kati ya 85 na 90 unabaki hapohapo. Hakuna mtu anayeshushwa chini ya saa 5. Njia hii iliyowekwa kwenye programu ilijaribiwa Uingereza kwa watu wazima 164, ikalinganishwa hata na programu bandia, na matokeo ya mwaka 2012 yaliipa ushindi.

Tatizo ni kwamba wiki za mwanzo usingizi wa mchana huongezeka, na vipimo vimeonyesha umakini hupungua. Kwa mtu anayefanya kazi mezani hilo linavumilika. Kwa mtu mwenye abiria mgongoni kwenye Barabara ya Kilwa, hapana. Usifuate ratiba hiyo ya ghafla.

Iko njia ya taratibu. Muda wa ziada kitandani, saa mbili na nusu, unaugawa kwa wiki tano, kwa hiyo unapunguza dakika 30 kila wiki. Wiki ya kwanza ingia kitandani saa 4 na nusu, ya pili saa 5, na kuendelea, huku saa ya kuamka ikibaki ileile. Ukianza kulala vizuri katikati ya safari, simama hapo. Siku ukihisi kope nzito, paki pikipiki. Hesabu ya tajiri itasubiri.

Sheria nyingine za programu zifuate bila wasiwasi. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila usingizi, ondoka, rudi ukisinzia. Waishio chumba kimoja hukwama hapa kwa kuwa programu inasema "nenda chumba kingine". Weka kiti au kigoda pembeni, kaa hapo gizani, simu ikiwa mbali. Kinachotakiwa ni kutoka kitandani. Usiangalie saa kila mara, kadiria tu. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa 8 mchana.

Kabla ya yote hayo, kuna watu wasiofaa kabisa kubanwa usingizi bila daktari: mwenye kifafa, mwenye historia ya vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na kutolala kwa siku kadhaa, na anayekoroma sana huku akikatika pumzi. Muulize mkeo kuhusu hilo la mwisho, maana wewe huwezi kujisikia.

*Kijana wangu ana miaka 17. Nimegundua usiku anaandikiana na akili unde, anaieleza huzuni zake zote, mimi haniambii kitu. Nimpokonye simu? Mama wa Tabata.*

Mama yetu, usimpokonye usiku huu. Kwanza zungumza naye.

Roboti za mazungumzo ziko za aina mbili. Moja imejengwa na watafiti kwa ajili ya tiba. Mwaka 2017 Woebot ilijaribiwa Marekani kwa vijana 70 kwa wiki mbili, na dalili za sonona zilipungua kuliko kwa waliopewa kitabu cha kusoma. Mwaka 2025 Chuo cha Dartmouth kilichapisha jaribio la Therabot lenye watu wazima 210 kwa wiki nne. Kwa waliokuwa na sonona, dalili zilishuka kwa wastani wa asilimia 51. Hata hivyo walilinganishwa na watu waliokuwa wanasubiri zamu yao tu, na watafiti walikuwa wanasoma ujumbe unaopita ili kuingilia mambo yakiharibika. Kwa mwanao hakuna anayesoma.

Aina ya pili ni akili unde ya kawaida, ya kuuliza chochote. Hiyo haikutengenezwa kuwa mganga. Ina tabia ya kukubaliana na anayezungumza nayo, na mgonjwa wa sonona anahitaji mtu atakayempinga kwa upole anapodai kwamba hafai. Hata zile maalumu huteleza: mwaka 2023 shirika moja la Marekani la matatizo ya ulaji lililazimika kuzima roboti yake iitwayo Tessa baada ya kuonekana inawapa wagonjwa ushauri wa kupunguza uzito. Na zinaweza kutoweka: huduma ya Woebot ilifungwa tarehe 30 Juni 2025, na waliokuwa wameizoea wakabaki hivihivi.

Lakini tazama upande wa kijana pia. Anaandika saa nane za usiku kwa sababu hapo hapati lawama. Ukimnyang'anya simu umemfungia mlango pekee alioufungua, naye hataufungua mwingine. Mtafute wakati mna kazi ya mikono, mnachambua mchicha au mnafua, asilazimike kukutazama usoni. Mwambie umeona ana huzuni, hujakasirika. Kisha muulize wazi: "Umewahi kufikiria kujidhuru au kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kijana akisema "nimechoka na haya maisha", usikisie anamaanisha nini. Mashine hulazimika kukisia kwa kuwa haioni uso wake.

Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, dawa na sumu za panya zitolewe nyumbani, na siku hiyohiyo mfikishe hospitali. Amana iko karibu nanyi, na Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Akijibu hapana lakini huzuni imezidi wiki mbili, amelegea masomoni na hali chakula vizuri, mpeleke kituo cha afya wiki hii. Yeye mwenyewe anaweza kupiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bila malipo, na kwa miaka 17 bado ana haki nayo. Akishapata mtu wa kuzungumza naye, mkubaliane saa ya kuzima simu.

*Mimi ni muuguzi, Temeke. Kliniki yetu ya presha na kisukari ina wagonjwa wengi wenye dalili za sonona. Tumepata vishikwambi viwili kutoka kwa mfadhili. Tunataka kuwafuatilia kwa simu. Tuanzie wapi?*

Dada, umeuliza swali lililofanyiwa utafiti karibu sawasawa na hali yenu. Huko São Paulo na Lima, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilihusisha wagonjwa wa presha na kisukari waliokuwa na PHQ-9 ya 10 au zaidi: 880 Brazili na 432 Peru. Walipewa simu yenye vipindi vifupi 18, vitatu kwa wiki kwa wiki 6, vya kumfanya mtu arudie vitendo anavyovipenda na vyenye faida. Wauguzi au wasaidizi wao waliwafuatilia. Baada ya miezi mitatu, Brazili asilimia 40.7 walikuwa na dalili zilizopungua kwa nusu au zaidi, dhidi ya 28.6 wa kundi la kulinganisha. Peru ilikuwa 52.7 dhidi ya 34.1. Ila kufika mwezi wa sita tofauti ilikuwa imefifia. Pangeni tangu mwanzo kupima mwezi wa 3 na wa 6, na kurudia vipindi kwa wanaorudi nyuma. Mfadhili atataka takwimu za wiki ya sita peke yake, msimkubalie.

Anzeni na wagonjwa wachache ambao muuguzi mmoja anaweza kuwapigia kwa wiki. Simu 12 za dakika 15 ni saa tatu, ongeza saa moja ya wasiopokea na ya kuandika. Hiyo ni nusu siku ya kazi, na iwe kwenye ratiba ya zamu kwa jina. Kazi isiyo na jina la mtu hufa wiki ya tatu.

Siku ya kuandikisha, muulize mgonjwa: simu ni ya nani, nani mwingine huishika, na saa ngapi anakuwa peke yake. Simu nyingi za nyumbani ni za familia nzima. Ujumbe mfupi usiandike neno sonona, akili wala jina la kliniki. "Habari, nitakupigia leo saa 10 jioni kama tulivyokubaliana" inatosha. Chukua namba ya pili ya mtu aliyemchagua yeye. Asipopokea, piga mara mbili siku hiyo na mara moja kesho yake, kisha mtumie mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mara nyingi laini imebadilishwa au simu haina chaji, lakini usijiridhishe kwa kukisia.

Sasa swali la tisa la PHQ-9, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapa ndipo mipango mingi ya kidijitali huharibika: mgonjwa anajaza kwenye kishikwambi, jibu linaingia kwenye mfumo, na hakuna anayeliona hadi Jumatatu. Wekeni kanuni kwamba swali hilo linaulizwa kwa mdomo, na jibu lolote lisilo sifuri linashughulikiwa kabla mgonjwa hajaondoka au kabla simu haijakatwa. Mwulize kama ana mpango, ana kitu cha kutumia, na nani yuko naye. Namba ya daktari wa zamu ibandikwe ukutani, si kwenye kishikwambi kinachoweza kuzima.

Jambo jingine: watu wetu wengi huanza na mwili. Watakwambia kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, na kwa mgonjwa wa presha ni rahisi kuishia kuongeza dozi. Watafiti wa Muhimbili walishatengeneza dodoso la maswali 19 lililozingatia namna watu wa hapa wanavyoeleza sonona, likachapishwa mwaka 2008, na PHQ-9 yenyewe imepimwa Dar es Salaam kwa watu wanaoishi na VVU. Tumieni tafsiri iliyopimwa. Msitafsiri wenyewe mezani.

*Naogopa siri zangu kuvuja. Programu hizi zinapeleka wapi tunachoandika? Mwanafunzi, Kigamboni.*

Hofu yako ina msingi. Huko Ufini, mwaka 2020 ilijulikana kwamba kumbukumbu za kituo cha tiba cha Vastaamo zimeibiwa. Wagonjwa kama 33,000 waliathirika, wengi wakaandikiwa barua pepe za kutakiwa fedha la sivyo maelezo yao yaanikwe. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliitoza BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha wa mtandaoni, dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja kwa kampuni za matangazo. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti, na Tume yake inapokea malalamiko. Lakini kampuni isiyo na ofisi nchini ni vigumu kuifikia, kwa hiyo jilinde mwenyewe.

Usijisajili kwa akaunti ya Facebook, fungua barua pepe mpya isiyo na jina lako. Programu ya sonona haina sababu ya kuomba orodha ya namba zako wala mahali ulipo. Ikikataa kufanya kazi bila hivyo, iache. Usiandike majina kamili ya watu, chuo wala mtaa. Weka nywila kwenye programu yenyewe, si kwenye simu tu, hasa kama mnalala wengi bwenini. Na siku ukiamua kuachana nayo, kuiondoa kwenye simu hakufuti ulichoandika, kinabaki kwenye kompyuta zao. Ingia kwanza kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kufuta akaunti na kumbukumbu, subiri ujumbe wa kuthibitisha, ndipo uiondoe.